Tangazo la Saa Sita Lazima Lifike Walungu

Siku yangu ya kwanza kazini sikuoneshwa mashine hata moja. Nilikuwa nimevaa sketi iliyopigwa pasi na viatu vya kuazima kwa dada yangu, nikidhani nitakalishwa mbele ya vitufe na taa nyekundu kama nilivyoona kwenye vitabu vya shule ya ufundi. Badala yake Chef technique, mkuu wa mafundi wote wa redio yetu, alinipeleka nyuma ya jengo, akanionesha ngazi ya chuma iliyoegemea ukuta, akasema nipande juu ya paa. Viatu nikaviacha chini. Nilipanda peku, huku wasomaji wa habari wakichungulia dirishani na kucheka chinichini.

Kutoka juu ya paa lile unaiona Bukavu yote. Nyuma yetu lilikuwa ziwa, mbele nyumba za Kadutu zilizopandana, halafu barabara inayokwenda Bagira, na nyuma ya Bagira mlima wenye mnara mwembamba wa chuma juu yake. Chef alikuwa mtu mfupi, mkavu wa maneno, na salamu zake zilikuwa fupi kama yeye.

"Mademoiselle, uko unaona ile pylône?"

"Ndiyo, Chef."

"Uko unaiona muzuri?"

"Naiona muzuri."

"Basi kazi yako njo hiyo. Kila siku ikuwe inaonana na sisi. Ingine yote utajifunza."

Nilishuka nimekasirika. Niliona amenidharau kwa sababu mimi ni mwanamke na tena mgeni, kwamba ananipa kazi ya kutazama mlima kama mchunga mbuzi. Leo, baada ya kuifanya kazi ile mpaka nywele zikawa nyeupe, naweza kusema hakuna aliyewahi kunieleza ufundi wa redio kwa ufupi na kwa usahihi kuliko yeye.

Ninyi vijana mnaonisoma mnadhani redio ni kile chumba chenye kipaza sauti. Hapana. Mle ndani kuna watu wanaoongea wao kwa wao. Mtambo unaorusha matangazo ulikuwa mlimani, kwa sababu mji wetu umekaa katika mabonde na migongo ya vilima, na ukirusha kutoka chini utasikika na majirani tu. Sasa sauti inazaliwa chini, mtambo uko juu, na katikati kuna mitaa, soko, makorongo na mvua. Lazima ivuke, kila siku, bila kukatika na bila kuchafuka. Hapo katikati ndipo mimi nilipokula mkate wangu maisha yote.

Zamani, kabla sijafika, ilivuka kwa waya wa shaba. Waya ule ulikatwa mara nyingi hata mafundi wakachoka kuuunga, maana shaba inafaa kwa bangili, kwa vyungu na kwa mambo mengine mengi kuliko kupitisha habari. Halafu wakaleta kile tulichokiita faisceau, nami hapa nitakiita mwali. Ni mashine mbili ndogo. Ya kwanza iko studio, inaichukua sauti na kuirusha kwa mawimbi membamba kupitia antena iliyoko juu ya paa, antena yenye vidole vya chuma kama reki ya bustani. Ya pili iko mlimani, ina reki yake inayoitazama ya chini, inapokea sauti ile na kuukabidhi mtambo mkubwa. Reki mbili zikitazamana vizuri, redio inaongea. Ya juu isipoiona ya chini, mtambo mkubwa unaendelea kuwaka kama kawaida, umeme unaliwa, na watu nyumbani wanasikia "shhh" kama maharagwe jikoni.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa hukohuko mlimani. Siku nilipowasili na begi langu, fundi niliyekuja kufanya naye zamu alinipokea kwa furaha kubwa, akanionesha jiko. Alidhani nimeletwa kupika. Nilimwambia asubiri kidogo, nikaenda kusoma mishale ya vipimo yote, nikarudi kumwuliza kwa nini betri ya pili ya mwali inachemka. Alicheka mpaka akakaa chini, na tangu siku ile tulipika kwa zamu, viazi na maharagwe yeye, mimi sambaza, wale dagaa wa ziwani kwetu. Alikuwa mtu mwema sana. Namshukuru kwa uvumilivu wake, maana nilikuwa na mdomo.

Kazi ya mlimani ilikuwa kulinda mshale. Kulikuwa na kipimo kimoja kidogo, si kikubwa kuliko sahani ya kikombe, kinachoonesha nguvu ya mawimbi yanayotoka studio. Mshale ukisimama juu, usingizi wako ni mzuri. Ukilala, unashika phonie, ile redio ya kuitana kati yetu na mjini, unaanza kupiga kelele. Tulikuwa pia na jenereta ya kuwasha umeme ukikatika, na ulikatika kila ulipojisikia.

Saa muhimu kuliko zote ilikuwa saa sita mchana. Sizungumzii habari za siasa, wala muziki. Saa sita tulisoma matangazo ya watu. Wakati ule simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia. Mtu akifa hospitalini Bukavu, ndugu zake wa Walungu, wa Kabare na wa tambarare ya Ruzizi wangejuaje? Walijua kwa redio. Familia ilikuja na maneno yake kwenye karatasi, msomaji akayasoma mara mbili polepole: nani amefariki, mtoto wa nani, mume wa nani, kilio kiko kwa nani, anazikwa lini. Vijijini, saa sita ikikaribia, wanawake walirudi kutoka shambani kidogo, wakazunguka redio moja. Hata mtu asiye na mgonjwa alisikiliza. Mama yangu mzazi pia alisikiliza, kule kwao Walungu, na akiwa anasikiliza hukuruhusiwa hata kukohoa.

Mambo yaliharibika msimu wa mvua mmoja, nilipokuwa nimeshazoea mlima. Mshale wetu ulianza kulewa. Asubuhi ulisimama vizuri, mchana ukalala, jioni ukaamka tena. Tuliripoti, Chef akapanda akatengeneza, ikawa sawa siku mbili, kisha tena. Na huko studio hakuna aliyestuka, kwa sababu msomaji alivaa masikio yake ya kusikilizia na ndani yake alisikia sauti yake mwenyewe safi kabisa. Alikuwa anaisikia inapotoka mezani kwake. Kwamba imefia njiani hakujua, na sisi wa juu tukiita kwa phonie tulikuta imezimwa ili isiingilie kusoma. Sijui kama kuna watu wengine duniani wangeweza kufanya kosa kama lile: kusoma vifo vya watu kwa heshima zote, mara mbili, ndani ya chumba kilichofungwa.

Siku moja nilikuwa nimeshuka mjini kuchukua betri, nikamkuta mama mmoja amesimama uani pa studio. Alikuwa amevaa kitenge cheusi, na amebeba redio ndogo iliyofungwa kwa mpira. Aliitwa Mama Nabintu, kutoka Walungu. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele.

"Mulisoma jina ya mutoto wangu?" akamwuliza Chef. "Bahati. Alikufa huku hospitali."

Chef alimwita msomaji, msomaji akaitikia kwamba ndiyo, alisoma, mara mbili, saa sita.

"Tulisoma, maman," Chef akasema.

"Sasa ilienda wapi? Mi nilikuwa nakaa na radio ku magoti. Ilikuwa inafanya tu shhh. Bamemuzika, bamerudi, njo mutu mumoja akapita kwangu kunipa pole. Pole ya nini? Nikamuuliza vile, pole ya nini?"

Msomaji alianza kulia, mama mwenyewe hakulia. Mama Nabintu akasema amekuja kwa neno moja tu. Familia inapanga levée de deuil, ile siku ya kuondoa matanga, ambayo kwetu ndugu wote hukusanyika tena, na yeye ameomba ifanyike nyumbani kwake Walungu. Ndugu wa marehemu baba yake Bahati wametawanyika hadi Sange, kule tambarare ya Ruzizi, na njia ya kuwaita ni redio.

"Mi sikumuzika," akasema. "Nitamulilia siku hiyo. Kama batu bakikosa kusikia, nitalia peke yangu. Minaomba tu munijulishe: itafika ao haitafika?"

Mkurugenzi wetu, aliyekuwa amesimama mlangoni, alikuwa mtu mwaminifu na mwenye hofu ya Mungu. Alitaka kumwambia ukweli, kwamba hatuwezi kuahidi. Chef alimtangulia. "Itafika, maman," akasema. Mama Nabintu alishika redio yake, akaenda kutafuta basi dogo la Walungu.

"Umeahidi kitu gani?" Mkurugenzi akamwuliza.

"Nimeahidi, Monsieur le Directeur. Sasa ni kazi."

Hivyo ndivyo tulivyoanza kutafuta, na tarehe ya mama yule ikitusogelea. Kwanza Chef aliamuru kitu ambacho mpaka leo nakiona ni sheria ya kwanza ya kazi yetu. Alichukua redio ya kawaida ya mkononi, akaiweka kwenye meza ya msomaji, na kusema kuanzia siku ile msomaji atajisikiliza kutoka hewani, kupitia redio ile kama msikilizaji wa kijijini, na phonie itabaki imewashwa. Akisikia "shhh", anyamaze, angoje, aanze upya. Wasomaji walilalamika kwamba watachanganyikiwa. Chef aliwaambia wamwulize Mama Nabintu kuhusu kuchanganyikiwa.

Pili tukapima njia. Zamani, kabla ya vyombo vya kisasa, njia ya mwali tuliipima kwa kioo. Mtu mmoja anasimama mlimani na kioo cha kujitazamia, anakamata jua, analielekeza mjini. Mwenzake juu ya paa akiona mmweko, basi reki mbili zinaonana. Mimi ndiye niliyeshika kioo. Nikamulika, na Chef akajibu kwa phonie: "Nakuona, mademoiselle! Nakuona muzuri!" Tukaridhika. Njia iko wazi, ugonjwa uko kwenye mashine. Tukafungua viungo vyote vya nyaya tukitafuta maji ndani yake, maana maji yakiingia kwenye kiungo yanaimeza nguvu ya mawimbi. Tulivikausha, tukavifunga kwa mpira wa baiskeli, tukavipaka mafuta. Tulibadilisha betri. Chef alilala mlimani kwetu, akala sambaza zangu, akazisifu kwa shingo upande. Mshale uliendelea kulewa.

Nilianza kufa moyo, nasema wazi. Nilimwona mama yule na redio yake magotini kila nilipofumba macho. Zaidi ya hapo nilimwona mama yangu mwenyewe akiwa mahali pake.

Siku moja mvua ilinyesha asubuhi, ikakatika, upepo ukaja. Nilikuwa nimekaa karibu na mshale, nikaona unacheza. Upepo ukivuma mshale unashuka, ukitulia unapanda. Kelele hewani nayo ilikuja na kwenda vivyo hivyo. Nilimwita Chef kwa phonie, maana alikuwa amesharudi mjini, nikamweleza bila kujua maana yake.

Akasema, "Upepo? Upepo haiingiake mu câble." Halafu akapaza sauti: "Ngoja. Miti. Kuko miti katikati?"

"Kuko eucalyptus pale chini ya Bagira, Chef. Lakini kioo si kilionekana?"

Alicheka, kicheko cha mtu aliyejikwaa mbele ya watu. Jioni ile alipanda mpaka kwetu akatueleza vizuri, na maelezo yale nimeyarudia kwa kila fundi niliyemfundisha. Jua la kwenye kioo, alisema, ni uzi, linapenya kwenye tundu lolote. Mawimbi yetu si uzi. Ni mtu aliyebeba godoro kichwani. Mtu mwenyewe anauona mlango uko wazi, lakini godoro linagonga miimo pande zote. Mwali uliposimikwa, miti ile ilikuwa miche ya kufika magotini. Eucalyptus haina subira. Imekua tukiitazama, vilele vyake vimesogea kwenye njia. Kiangazi majani makavu yanaachia kidogo. Majani yakilowa maji yanakuwa ukuta, na upepo unaufungua na kuufunga. Kioo chetu kilikuwa kimepita kati ya vilele viwili, tukashangilia.

Kuinua antena ya studio kungesaidia, lakini mlingoti mrefu tulikuwa tumeuomba siku nyingi, na jibu lake lilikuwa "kesho". Tangazo la Mama Nabintu lilikuwa wiki inayofuata. Ilibaki miti.

Shamba lile lilikuwa la Mzee Salumu, mfanyabiashara wa miti ya kujengea, Mwislamu kutoka familia ya Uvira ambayo babu zao walitoka pwani. Tulimkuta Bagira barazani pa duka lake, kanzu safi, amezungukwa na nguzo. Alitukaribisha kwa chai, akamsikiliza Chef akieleza mawimbi, godoro na mlango, mpaka mwisho.

"Bwana fundi," akasema, "umesema vizuri. Lakini miti ile bado michanga. Mwakani ni nguzo, leo ni fito. Nikiikata leo nimejikata mwenyewe. Inueni nyinyi chuma chenu."

Chef alijaribu tena, akashindwa. Nikaona anaweka kikombe chini kwa kuaga, na mimi, ambaye sikupewa ruhusa ya kusema, nikasema. Nilimweleza Mzee Salumu habari za Mama Nabintu: redio magotini, "shhh", mtu aliyepita na pole yake. Nilieleza vibaya, nikirudia rudia. Mzee aliacha kuhesabu tasbihi.

"Alikuwa anasikiliza saa ileile?"

"Ileile, Mzee."

"Inna lillahi." Alitazama kule shambani kwake. "Na huko kwenye matanga watawasha moto kwa kuni gani?"

Sikutegemea swali lile, lakini mtu yeyote wa kwetu angelielewa. Kilioni kwetu watu hulala nje kuuzunguka moto, siku hata siku, na hakuna mtu anayekuja mikono mitupu. Mmoja analeta unga, mwingine kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mwingine sukari. Mwenye kuni ndiye anayepokelewa kwa sauti kubwa, maana kuni ni nzito na zinaisha upesi. Nilimjibu kwamba sijui. Walungu ule upande wao umebaki mashamba matupu.

"Basi mimi napeleka kuni," Mzee Salumu akasema. "Huyo mama simjui, na kanisani kwao sijaingia. Lakini msiba umenipitia mlangoni na chai yangu mkononi, nitafanyaje? Kateni ile inayowazuia. Mbichi haiwaki, hiyo itaingia stoo kwangu ikauke. Nitatoa kavu niliyonayo, nafasi yake ijazwe na hiyo yenu." Kisha, kwa sababu alikuwa mfanyabiashara hadi kwenye mifupa, akaongeza: "Ile inayowazuia tu. Si mmoja zaidi."

Kujua ni ipi inayozuia ilikuwa kazi yenye vituko. Mimi niliingia shambani na mti mrefu wenye kitambaa chekundu juu yake, Chef akiwa kwenye paa la studio na darubini, mwenzangu mlimani kwenye mshale. Chef alinipigia kelele kwa phonie: "Kushoto! Si kushoto yako, kushoto yangu!" Watu wa Bagira walikusanyika kutazama mwanamke anayezunguka msituni na bendera akijibishana na kisanduku. Wakataji wa Mzee walikata kwa utaratibu, mti mmoja mmoja, na kila mmoja ulipoanguka sauti ya mwenzangu ilitoka mlimani: "Inapanda! Inapanda tena!" Ilipofika mahali haikupanda zaidi, Mzee Salumu aliinua mkono, na misumeno ikasimama hapohapo.

Siku ya tangazo, tangu asubuhi, mvua. Si manyunyu, mvua ile ya kwetu inayofuta ziwa machoni. Nilikuwa mlimani. Saa sita ilipofika nilikuwa nimeinama juu ya mshale kama anayemtazama mgonjwa. Haukutikisika. Nikasikia msomaji anataja jina la Bahati, la mama yake, la baba yake marehemu, kisha: "Ndugu wote wa Walungu, wa Bukavu na wa Sange, mnaombwa kufika Jumamosi." Akarudia yote. Maneno yalikuwa safi hata nilimsikia akimeza mate.

Lakini mlimani unajua kilichokufikia wewe tu. Kama kimetua Walungu, kama betri za watu hazikuisha, kama ngurumo haikukifunika, hakuna mshale wa kukuambia. Kwa hiyo Jumamosi, Chef na mimi tulipanda lori la Mzee Salumu, juu ya kuni.

Tulifika mapema. Mama Nabintu alikuwa amekaa chini ya turubai, kitenge kilekile, na wanawake wanne wa jirani. Viti vilikuwa vitupu. Aliona kuni zinashushwa akatusalimu kwa adabu, akauliza zimetoka kwa nani, akastaajabu, akarudi kukaa. Chef alizunguka lori mara kadhaa akijifanya anakagua magurudumu.

Kisha ikaja pikipiki moja na watu watatu. Halafu wanawake kwa miguu kutoka ng'ambo ya kilima, na mabeseni kichwani. Basi dogo kutoka Bukavu. Pikipiki nyingine. Mchana ulipokuwa umeendelea, likaja gari la mizigo lenye matope mpaka kwenye kioo, limejaa watu waliosafiri tangu jana yake, na mzee mmoja akashuka kwa kushikwa mkono. Alikuwa baba mdogo wa Bahati, wa Sange. Alikwenda moja kwa moja chini ya turubai.

"Tulisikia, maman," akasema. "Yote, mara mbili. Tukasema, Nabintu anatuita."

Hapo ndipo Mama Nabintu alipolia. Alilia kwa sauti ambayo nadhani aliifungia kifuani tangu siku ile ya pole, akamwita mtoto wake kwa jina, na uwanja mzima ukaitikia naye. Mimi nililia pamoja nao. Chef alinigeuzia mgongo, akapasua kuni ambazo zilikuwa zimeshapasuliwa. Baadaye, moto ulipowaka na nyimbo kuanza, mama yule alituletea bugali na maharagwe kwa mikono yake, akasimama mpaka tukaanza kula. "Kula, mutoto," akaniambia. "Kula, ushibe." Nimepewa vyeti viwili na medali moja katika kazi hii. Hakuna ninachokikumbuka kama sahani ile.

Baada ya hapo nilihamishwa mara nyingi. Nilishushwa studio, nikafundishwa meza ya kuchanganyia sauti na mkuu wa uzalishaji, mama mkali aliyekuwa akisema, "Sauti mbaya ni tusi, usimutukane mutu mu nyumba yake." Nikapelekwa kusimika mwali mwingine upande wa Uvira. Mlingoti mrefu ulifika hatimaye, na Mzee Salumu akapata nguzo zake. Miaka migumu ilikuja, tuliyolala na kuamka bila kujua nani anatawala barabara, na hata wakati huo tulipanda mlimani, maana kimya cha redio kinatisha watu kuliko risasi. Chef alipostaafu alinikabidhi funguo mbele ya mafundi wote. Hotuba yake ilikuwa fupi: "Huyu iko na mudomo. Lakini iko na macho."

Siku hizi sauti inapanda kwa njia ya intaneti, kwa visanduku visivyopata joto, na kijana anaiona kwenye simu yake akiwa amekaa kwa kinyozi. Sina kinyongo. Ninafurahi kwa kweli, maana mgongo wangu unakumbuka kila betri. Nawadai tu wasiamini skrini inayosema "imetumwa". Imetumwa si imefika. Wekeni redio ya kawaida mezani, msikilize kama watu wa kijijini wanavyosikiliza.

Ninakaa Bagira sasa, na kila saa sita nafungua redio. Nawasikia wanangu wa kazi wakiwa wazima, nikisikia kelele nawapigia simu, na wananijibu "Ndiyo, Maman Chef" kwa sauti ya watu waliochoka na mimi. Nawashukuru hata kwa hilo. Namshukuru Mungu aliyenipa kazi ambayo nimeipenda, wakubwa walionivumilia, na watu wa Walungu ambao hawakunijua na walinitegemea.

Umri wangu si wa kujidanganya. Siku moja msomaji atalisoma jina langu, saa sita, na sitakuwepo kuutazama mshale. Nina dada wawili Walungu. Wako wazee, simu hawaziwezi, na kutwa wako karibu na redio. Wanangu, nawaomba: siku hiyo angalieni njia iko wazi, msome mara mbili, polepole, na msianze kunizika kabla hawajafika.